Magugu Maji Juu ya Kitanda

Bernadeta,

Uji uko kwenye chupa. Huyo sato mkaange mapema, ataharibika.

Mwanangu, asubuhi nimejikwaa kwenye beseni lako la magugu maji, maji yakamwagika hadi uvunguni. Kutwa nzima nayang'oa ziwani ili mitumbwi ipite, mgongo haunyooki, halafu narudi nyumbani nayakuta yananing'inia juu ya kitanda! Eti ndivyo walivyopamba chumba kwenye gazeti ulilolikuta kwenye mitumba.

~~Yatupe yote.~~ Yatupe, ila lile lenye ua libaki dirishani.

Hiyo rangi ya kijani uliyopaka ukutani usiiguse. Mkeka uliotandika nao uache. Tangu tumzike baba yako nimekuwa nikilala sebuleni. Jana nililala kwenye kitanda chetu.

Mama