Mugongo Yangu Ingali Inakungojea

Prof Kambale, mudogo yangu,

Nianze na habari ya kazi. Tangu utuache, ni mimi naongoza idara yenu ya sanaa pale université. Asubui nikiingia mu atelier, banafunzi bote banasimama. Nikisogeza kichwa kidogo tu, banaogopa. Hata doyen, mukubwa wa faculté, akipita ku mulango anashusha sauti.

Sawa. Najua tayari unacheka, na ule mucheko yako ya kukohoa. Naongoza kiti. Ile kiti yako ya mbao yenye muguu moja mufupi, pale nakaa banafunzi banifinyange kichwa. Batoto banasimama sababu hawawezi kufinyanga kichwa ya mutu bila kusimama, na nikisogea banaogopa juu pua inahama. Doyen, yeye anashusha sauti juu iko anaongea na bibi yake ku téléphone.

Usikasirike nikikuita mudogo yangu. Tumbo yetu si moja, lakini weye Kambale, mimi Paluku, na kwetu Banande jina inasema nani alitoka wa kwanza na nani wa pili. Nilikuambia tangu mwanzo: profesa ao hapana profesa, Kambale anamubebea Paluku kiti. Na ulibeba, mbele ya banafunzi bote. Sasa ona vile ulifanya. Ulinipita ku ile mulango ingine hata mimi sijavaa biatu. Hiyo si adabu.

Unakumbuka vile ulinipata? Nilikuwa nafyatua matofali chini ku muto Kimemi, matope mpaka ku magoti, na weye ukafika na suruali ya pasi kuomba udongo ya banafunzi. Nilikujazia mifuko, nikaipakia ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na weye haukuangalia udongo, uliangalia kichwa yangu. Kisha ukatoa ile compas yako ya mbao, yenye miguu ya kupinda, ukaanza kunipima sikio mpaka sikio bila kuomba ruhusa. Nilikuuliza kama unanipimia kofia ao sanduku. Ukajibu: "Muzee Paluku, kichwa yako iko na kazi, ni weye tu haujue." Miaka yote nilikuchokoza na ile sanduku. Mwishoni ni weye balipima. Fundi wa mbao alipofika na kamba yake nilitoka inje. Sikutaka kuona mutu anakupima bila compas.

Bibi yangu anasema kukaa ku kiti si kazi. Hajakaa bila ruhusa ya kujikuna. Mutu akikatazwa kusogea, mugongo inajua. Inaanza pale katikati, chini kidogo ya shingo, pale mukono ya mutu haifike. Kusema siwezi, juu kinywa ingesogea. Basi weye ulijifunza kusoma jicho yangu ya kushoto. Ikitetemeka, unazunguka polepole nyuma yangu, unashika kile kijiti ya kukatia udongo, unanikuna, na somo haisimame, unamuambia mwanafunzi wako: "Masika, usifuate kinywa ya muzee, kinywa inadanganya. Fuata mufupa." Na kijiti inapanda, inashuka, pale pale. Mumoja wa mwaka ya kwanza aliandika mu cahier yake kwamba profesa anapasha modèle moto mbele ya kazi.

Siku ile ya mwisho, iliwasha wakati mufuko yako ilikuwa tayari ku bega. Gari ya Beni ilikuwa inapiga honi inje. Jicho yangu ilitetemeka kama bendera, na uliona. Ulisimama ku mulango, mukono moja ku mbao, ukasema: "Vumilia, muzee. Nikirudi nitakukuna."

Ulienda kuona dada yako mu Beu, kule Beni, na moyo yako ikasimama kule ku meza, wakati anakutilia chai. Alituambia ulikuwa unamuchora ku karatasi ya sukari. Ulikuwa umefika ku kidevu.

Balikurudisha na barabara ile ile. Tulikaa ku moto, inje ya nyumba yako, mvua inanyesha vile Butembo inajua kunyesha. Na pale njo tulifanya ujinga. Mutu akikufa, sisi hatushike jembe mpaka tumuzike, unajua. Mais banafunzi yako balienda mbali zaidi. Balisema, tutatia namna gani mikono mu udongo wakati udongo ya mwalimu haijachimbwa? Balifunga atelier na ufunguo, bakatia maua ku mulango. Heshima nzuri kabisa. Ndani, bitambaa ya kufunika udongo inakauka.

Weye kila asubui ulilowanisha bile bitambaa mbele ya kusalimia mutu, hata siku ya Noeli. Hakuna mutu alifikiri. Hata mimi, mutu wa matofali, nilikuwa namufikiri mutu mumoja tu.

Tulipofungua, kichwa yangu ilikuwa imepasuka kutoka paji mpaka kidevu, na pua imeanguka chini. Njo ilikuwa kazi ya Masika ya kumaliza masomo, ile uliisimamia tangu udongo ya kwanza. Ku mazishi hakutoa chozi, alikuwa anagawa chai. Pale alikaa chini na pua yangu mu mukono, akalia vile sijaona mutu kulia. Nilimuambia ile pua haikuwa nzuri hata ku mwenyewe. Hakucheka. Alisema anarudi Mangina kwa mama yake, ku shamba ya kakao, na shule basi.

Bakubwa ya faculté balikaa kikao juu ya kujua nani atabeba banafunzi yako. Kila mutu alikusifu, na kila mutu akasema iko na kazi mingi. Mwishoni balimupatia Masika assistant mupya, kijana wa Kinshasa, anatusalimia na Lingala halafu anaomba samahani na Français. Si mutu mubaya. Mais alitoa téléphone akasema atanipiga picha pande zote, donc Masika atafanya na picha, na muzee atapumuzika ku nyumba.

Nipumuzike. Mimi nilikuwa nimeapa ku kaburi yako kwamba sitamukalia tena mutu mwengine. Mais vile nilisikia ile kiti inaweza kuishi bila mimi, asubui yake nilikuwa pale mbele mulinzi afike.

Nilipitia kwanza kwa Masika. Alikuwa anafunga mufuko. Nikamuambia: "Mutoto yangu, mimi si mutu wa kubaki na pua chini. Ukienda Mangina, nitakufuata, nitakaa mu shamba ya mama yako mpaka umalize." Aliniangalia kuona kama nacheza. Nilikuwa nacheza. Mais alikuta nimevaa ile koti ya kukalia, ile yenye unajua, ya kola iliyotoboka, na mufuko akauacha.

Alivunja ile ya zamani, akailowanisha, akakanda upya udongo ile ile. Pua yangu ya mbele leo iko ndani ya shavu, ao ndani ya sikio, nani anajua. Alipokwama alikuwa anasema peke yake, polepole, fuata mufupa, fuata mufupa, kama rozari. Assistant alikaa pembeni na akajifunza kunyamaza. Siku moja tulifika tukakuta bitambaa bote iko na maji. Ilikuwa yeye, na hakuna mutu alikuwa amemutuma. Tangu pale namusalimia wa kwanza.

Mugongo, bila shaka, iliwasha. Jicho ikatetemeka. Masika akafinyanga jicho yenye kutetemeka. Bananiheshimu mingi, mudogo yangu, hakuna mutu anathubutu kushika mugongo ya muzee. Assistant alielewa mwishoni, akakuya na règle yake ya kupigia mistari. Alikuna kando kabisa, kama mutu wa mbali anatafuta nyumba ya ndugu yake mu Beu. Nilimuambia merci.

Siku ya défense, Masika kutetea kazi yake mbele ya jury, salle ilijaa. Mama ya Masika alifika kutoka Mangina na kilemba mupya. Balifunua kitambaa. Nilizania nitaona mimi. Niliona muzee mumoja ameinua kidevu kidogo, shingo imepinda, macho inapita batu bote na kuangalia kando. Mama mumoja wa jury, mwenye miwani, aliuliza ile kosa ya shingo inatoka wapi, juu modèle anakaa akiangalia mbele.

Masika alisema: "Si kosa, mama. Muzee anakaa hivi tangu Prof aende. Anaangalia mulango."

Nilitaka kubisha. Maneno ilikuwa tayari mu kinywa. Mimi, kuangalia mulango? Nikageuka kutafuta nani atanisaidia kubisha, na nikajikuta naangalia mulango. Ilikuwa mulinzi tu, na mwavuli yake.

Masika alipita mutihani, na bakamupigia makofi bakisimama. Safari hii si juu pua inahama. Mama yake alilia, assistant akalia. Mimi nilikuwa na kintu mu jicho, ile ya kushoto.

Bibi yako alitundika mu salon ile tableau yako kubwa ya barabara ya Beni, ile kila mara ulishika burashi mwanafunzi anabisha hodi. Nusu ingali nyeupe. Nikienda kumusalimia nachagua kukaa upande ya nyeupe. Anaelewa, ananiletea chai.

Nakuahidi moja tu: ile bitambaa haitakauka tena. Masika anabaki kusaidia ba mwaka ya kwanza, iko na ufunguo. Assistant iko na ufunguo. Mimi niko na mudomo ya kubagombeza bote wawili. Muguu ya kiti sijatengeneza, juu ulisema kiti ikitulia nitalala.

Pumuzika sasa, mudogo yangu. Mimi sina haraka ya kukufuata, kichwa yangu ingali na kazi. Mais siku nitafika, usinitumie malaika na nyimbo. Kambale anamubebea Paluku kiti. Uiweke karibu na mulango, unipokee koti, na mbele ya kuniuliza Butembo habari gani, zunguka polepole nyuma yangu na kile kijiti. Ni pale pale, katikati, chini kidogo ya shingo. Ulisema ukirudi. Kwa kuwa ni mimi nitakuwa nimekuya, unikune.

Mukubwa yako wa jina,
Paluku