Usiwatume Wazee Kirewa

Mpendwa dada Alaso,

Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Busia upande wa Kenya, na kwamba dagaa zako za omena zinanunuliwa kabla nzi hawajazionja. Shemeji Ikwap bado anakoroma? Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo ziko mbele. Simu nimeishika mara nyingi nikairudisha mfukoni, ndiyo maana nimekaa niandike.

Unakumbuka nilivyofurahi shule ya uuguzi iliponileta kufanya mafunzo ya vitendo kwenye kituo cha afya huku Kirewa, kwao Awor. Nilijiona nimepewa likizo. Jioni nilimwona akipita na jerikeni lake, tukisalimiana kwa mbali kama watu wenye adabu, kisha usingizi ukanikimbia. Nawe ukawa unaniuliza wazee wetu waende lini kumposa. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo.

Kazi hapa si kama darasani. Mwalimu wetu, Sista Rukiyah, hapendi mwanafunzi anayejisifu kwa alama. Anasema shule haikuanzishwa ili itoe watu wanaojua kuchoma sindano tu. Inamtaka mtu ambaye mgonjwa anaweza kumkabidhi mwili wake bila hofu, na mtu huyo hapatikani vitabuni. Nilidhani ni maneno ya walimu tu.

Jumatano moja majirani walimleta mama aliyemwagikiwa na maji yanayochemka, yale ya kuongezea kwenye mtungi wa pombe ya wimbi. Alikuwa ameungua kuanzia kiunoni hadi magotini. Sista alikuwa anazalisha, na mwenzangu Atai alikuwa amemsindikiza mgonjwa hadi hospitali ya Tororo. Nilibaki mimi. Nikafungua pazia, nikakuta ni mama yake Awor.

Dada, wewe unajua. Kwetu Wateso mtu hamkaribii mama mkwe, hata njiani anampisha, sembuse kumvua nguo! Na kwa Wapadhola, watu wa kina Awor, ni hivyo hivyo. Aliponitambua alijifunika uso kwa leso, akalia, nadhani kwa aibu zaidi kuliko maumivu. Yule mwanasesere wa plastiki tuliyejifunzia hana aibu wala hana binti. Miguu yangu ilitaka kutoka nje. Lakini kidonda cha moto hakingoji wazee wakae kikao. Nikaikata nguo, nikammwagia maji safi ya baridi mpaka akatulia, nikampa dawa ya maumivu, nikamfunga bandeji. Machozi yalinitoka nikiwa kazini, wala sikuyaficha.

Sista alipomaliza nilimwomba aendelee kumhudumia yeye. Mama mwenyewe akakataa, akasema aliyeona ameshaona, na mkono wangu ni mwepesi. Basi nikawa namsafisha kidonda mpaka akapona. Moyoni nilikuwa nimeshachagua mbuzi wa kupeleka kwao kuiondoa aibu ile, nikidhani mambo yatakwisha hapo.

Siku ya kuruhusiwa alimwita Awor, kisha akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Mukwe hawezi kuona mimi vile. Huyu sasa ni mtoto yangu. Awor, salimia ndugu yako."

Alisema kwa mapenzi kabisa, dada. Aliona ananipa heshima kubwa kuliko zote alizonazo, na kweli alinipa. Awor akanyoosha mkono. Ningefanya nini? Niliupokea.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili: usiwatume wazee. Sijutii, maana yule mama anatembea na anakwenda shambani. Lakini nampenda Awor, nampenda sana, na kila anapopita nje nasimama dirishani mpaka Sista aniite mara mbili. Usinipigie simu wiki hii, nitalia mbele ya wagonjwa.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Awor naye anakusalimu. Amekuita dada yetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Opolot