Laptopu Nyembamba ya Shemeji

Jumapili, 8 Septemba

Nardu kanunuliwa laptopu. Binti yake Analise ndiye kamletea, siku ya kuzaliwa, ndani ya boksi jeupe kama keki ya komunyo. Wanangu mimi walinipa soksi. Jozi sita.

Kaja nayo klabuni baada ya misa, kaishika kwa vidole viwili kama bahasha. Wazee wote wakaacha habari za njiwa wakaizunguka. Yangu imekaa pale mezani miaka kumi na moja na haijawahi kuzungukwa, isipokuwa siku ile ilipotoa moshi.

Indri, mwenyekiti wetu, akatega sikio. "Imewashwa kweli hii? Mbona kimya?"

"Haina feni, mzee," Nardu akasema. "Haipumui."

Nikamwambia kwetu kisichopumua huzikwa. Wakacheka kidogo tu, macho hawakuyabandua.

Halafu Indri, kwa ile sauti yake ya kubatizia watoto: kwa nini matokeo ya mbio za njiwa tusiyafanyie kwenye hii?

Matokeo nafanya mimi. Tangu mwaka mke wangu Vitorin alipopasuliwa goti nafanya mimi. Kila Jumamosi wanachama wanaleta saa zao za njiwa, zile zinazoandika ndege kafika bandani saa ngapi, nazichomeka moja moja, mashine inapiga hesabu ya mwendo wa kila ndege, nasimama nasoma majina. Watu kumi na watatu wananyamaza nikisoma. Nyumbani hainyamazi hata redio.

Ikaamuliwa nikae na laptopu ya Nardu wiki nzima, niipime, niandike ubora na udhaifu wake. "Kwa haki, Wenzu," Indri akasisitiza. Mimi, niwe hakimu wa laptopu ya kaka wa mke wangu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeipima kwenye mizani ya mahindi ya njiwa. Kilo moja na gramu mia moja. Yangu kilo tatu na nusu, na hapo chaja haijapanda. Nikampandisha na Askofu, dume langu jekundu, anayetembea kifua mbele kama anangoja abusiwe pete. Gramu mia nne na themanini.

Kwa hiyo mashine ya Nardu ni Maaskofu wawili na kitu. Yangu ni Maaskofu saba. Hata Roma hawahitaji saba kwa mara moja.

Vitorin kapita, kauliza laptopu ya kaka yake inafanya nini kwenye mizani. Kazi ya kamati, nikasema. Akaishika, akaifungua, akaifunga.

"Nzuri," akasema. "Nardu siku zote ana vitu visafi."

Miaka arobaini na minne naisikia hiyo.

Jumatano, 11 Septemba

Udhaifu kwanza, maana unaandikika vizuri.

Kioo kinang'aa. Nimeipeleka bandani, juani, nikajiona mwenyewe tu, na mimi si kitu cha kutazama asubuhi nzima. Vitufe vimelala, kidole hakijui kama kimebonyeza au kimeota. Tumbo halifunguki. Betri imegundishwa humo ndani, kumbukumbu imegundishwa, ikiugua hakuna upasuaji. Na matundu – mawili! Madogo kama pua ya kifaranga. Waya wa saa ya njiwa hauingii. Ndiyo maana Nardu kanipa na adapta, kamkia kafupi keupe kenye tundu kubwa kwa nyuma. Bila hako kamkia haisomi saa hata moja. Hili nimeliandika kwa herufi kubwa.

Ubora nimeuandika kwa penseli.

Betri. Niliichomoa ukutani wakati wa chai ya asubuhi, jioni bado ilikuwa na nusu. Yangu ukiichomoa inakata roho kabla Baba Yetu haijaisha. Halafu vumbi. Ule unga wa manyoya unaingia kila mahali, yangu ina feni, inauvuta, inakohoa kama Indri. Hii haivuti kitu. Nimeiacha bandani kutwa, nikapitisha kitambaa mara moja, ikawa kama imetoka dukani.

Kitu hiki kimetengenezewa wafuga njiwa na waliokitengeneza hawajui.

Jioni nimekaa nayo mapajani. Inapata joto kidogo. Udhaifu, nimeandika. Goti langu la kushoto limefurahi sana. Hilo sikuandika.

Ijumaa, 13 Septemba

Ya Nardu inatoa matokeo ya wiki nzima mtu akifumba macho na kufumbua. Yangu inanipa nafasi ya kula pastizi mbili za jibini na kujuta. Nikajiambia: si uzee, ni vumbi tu. Ikisafishwa itakimbia kama ile.

Nikachukua kompresa ya kupulizia banda.

Feni ikazunguka kama helikopta. Ikapiga mluzi. Kisha kitu cheusi kikaruka kutoka ubavuni kikatua kwenye maji ya njiwa. Filomena, jike la Askofu, akakidonoa, akakitema.

Sasa mashine inawaka, inapata moto, inazima, na ikizima inasahau yote. Nimeipima kwa saa. Dakika kumi. Kumi. Tisa. Kumi.

Sijamwambia mtu. Bahati yangu, kesho hakuna mbio.

Jumapili, 15 Septemba

Nimesoma ripoti mbele ya klabu. Udhaifu kumi na mbili. Ubora mmoja: ni nyepesi.

"Na betri je, shemeji?" Nardu akauliza.

"Ipo."

"Na vumbi?"

"Lipo pia. Tele."

Wakacheka, safari hii vizuri. Nardu naye kacheka. Hapo ndipo ananiudhi, hakasiriki. Ukimchoma anakushukuru kwa sindano.

Indri hakucheka. Kasema mbio za mwisho, zile ndefu za kutoka mji wa Hay, Jumamosi ijayo, zitasomwa na laptopu ya Nardu. Ikiweza, kazi ya matokeo ni ya Nardu kuanzia mwakani. Ikishindwa, kazi inabaki kwangu, na hataki kusikia habari hii tena mpaka afe. Wakapiga kura, mikono kumi na miwili. Wa kumi na tatu ulikuwa wa Nardu, na aliukunja kwa heshima. Hiyo heshima yake ndiyo sikuweza kuitazama.

Nikairudisha kwenye boksi mbele yao. Laptopu. Chaja. Kijitabu. Indri akalizungushia utepe, akasaini juu yake, akalifungia kabatini, asije mmoja wetu akalichezea kabla ya siku. Alipotamka "mmoja wetu" alinitazama mimi.

Adapta ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Sikuiba. Niliiacha tu ikae pale ilipokuwa imekaa.

Ijumaa, 20 Septemba

Tumepakia njiwa. Lori limeondoka.

Kabla ya kumtia Askofu kikapuni nimemfanyia ule mchezo wa baba yangu. Unamtenga dume na jike lake siku chache. Siku ya safari unamwonyesha jike lake, dakika tu, akiwa na dume mwingine, tena ndani ya kiota chake mwenyewe. Halafu unampakia. Huko atakakofunguliwa, hata umbali gani, hatazami mto wala mlima. Anarudi nyumbani kupigana.

Dume mwingine nilimchagua yule mweupe, mzuri, shingo ndefu. Zawadi ya Nardu ya mwaka jana.

Askofu kavimba mpaka nikadhani atapasuka. Kajigonga kwenye waya. Filomena, malaya yule, alikuwa anamtengeneza manyoya yule mweupe kama wamejuana tangu utoto.

Nikamshika Askofu, moyo wake unapiga kwenye kiganja changu. "Najua, baba," nikamwambia. "Najua kabisa."

Jumamosi, 21 Septemba

Saa nane na dakika tano mchana. Askofu!

Wamefunguliwa Hay saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hakuzunguka, hakutua juu ya paa, kaingia kama jiwe, kakanyaga kibao cha mlangoni, saa ikalia. Kaenda moja kwa moja kwenye kiota. Yule mweupe nilikuwa nimeshamtoa, asije akauawa. Nimempigia Indri, wake bado. Nimempigia Nardu, wake bado. Miaka yote hii nasoma majina ya wengine kutoka Hay. Leo nitasoma langu.

Saa kumi na moja na nusu jioni. Ndani ya gari, nje ya klabu.

Niandike haraka.

Saa kumi na nne za njiwa ziko mezani. Sheria yetu: zote zisomwe siku hiyohiyo, mbele ya wote, kabla ya saa kumi na mbili jioni. La sivyo mbio zinafutwa, hazikuwepo, hakuna mshindi.

Indri akakata utepe. Nardu akaitoa laptopu, akaipangusa, ingawa ilikuwa safi. Akatia mkono kwenye boksi. Akalipindua. Akatikisa kile kijitabu. Akanigeukia, polepole.

"Shemeji, ile adapta?"

"Adapta ipi?"

Kauamini uso wangu. Kaanza kujilaumu mwenyewe, ati labda hakuipakia, labda iko nyumbani kwenye droo. Analise yuko Newcastle, saa mbili kwa gari. Maduka yamefunga saa kumi na moja. Nikakaa nikisubiri furaha ije. Ilikuja, kidogo.

Halafu Nardu, kwa roho yake hiyo nyeupe: "Basi tusihangaike. Mashine ya Wenzu si ipo? Ndiyo imetulea. Mpisheni."

Wakanipisha. Wakanizunguka. Kwa mara ya kwanza walinizunguka.

Nikasoma saa za njiwa sita, ikazima. Tukaanza upya. Tano, ikazima. Saa yangu iko ya tisa kwenye mstari. Nikasema ina joto, niitoe nje ipoe robo saa. Iko juu ya boneti, imekaa kwenye barafu ya bia. Haitafika kumi na nne hata nikiipeleka kwa Papa.

Hesabu ni rahisi, hata kwa aliyeachia shule darasa la sita. Nikinyamaza, ya Nardu imeshindwa, kazi ni yangu, na Askofu hakuruka. Nikiitoa adapta, Askofu ni wa kwanza kutoka Hay, na jina lake atalisoma Nardu, kwa sauti yake nzuri, tena atalisoma kwa furaha.

Nimemfikiria Askofu, jinsi alivyoingia.

Basi. Narudi ndani, naidondosha chini ya meza, nainama kama nafunga kiatu, nasema "Hii nini?" Nardu atanikumbatia. Nitavumilia.

Nimetia mkono mfukoni.

Shati. Nimevaa shati tupu.

Upepo ulikuwa mkali pale uani tulipofika, Vitorin akasema anasikia baridi, Nardu akaanza kuvua koti lake ampe dada yake, na mimi nikavua langu haraka ili nimtangulie, adapta ikiwa humo mfukoni.

Mlango wa klabu umefunguliwa. Ni Vitorin, peke yake. Koti langu linamfika magotini. Anakuja taratibu, kwa lile goti, wala hatazami mashine kwenye boneti, ananitazama mimi. Mkono wa kulia ameutia mfukoni.

Hautoi.