Umeniulia Betri

Jumatatu, 3 Februari
Tena! Nimegeuza ufunguo, gari likakohoa, kiyoyozi kikanivumia usoni kwa nguvu zote. Mume wangu huyu! Nimemwambia mara ngapi — zima kiyoyozi kwanza, ndipo uzime gari. Asubuhi betri yenyewe haijaamka, unaibebesha mzigo wa nini? Gari analirudisha alfajiri; usiku kucha yumo kwenye barafu za ghala la nyama, na sweta havui hata juani. Baridi bado hajashiba? Nikamuuliza. Akacheka, akasema atazima. Sikio la kufa!

Jumatano, 5 Februari
Gari limegoma. Tk-tk-tk, basi. Wateja wa miwani wananisubiri mlangoni mwa duka, mimi niko uani napiga kelele: umeniulia betri! Akatoka na usingizi wake na sweta yake. Majirani wote masikio. Nikaongeza: gari nimenunua mimi, asiyejua uchungu wake asiliguse. Hilo lilinitoka tu. Yeye akaweka ufunguo wake juu ya boneti, taratibu, akarudi ndani.
Jirani alijidai anaanika nguo. Kamba haikuwa na hata kitambaa.

Alhamisi, 6 Februari
Fundi kaja. Betri imezeeka tu, mama, anasema — ingekufa hata ungeibembeleza. Na kiyoyozi je? Gari hili likiwaka hukikata lenyewe, kisha hukirudisha. Ya zamani ndiyo yaliyotaka kuzimiwa. Akafunga betri mpya, nikamlipa. Nitamwambia mume wangu kesho. Leo bado nimevimba.

Jumamosi, 8 Februari
Sikumwambia. Anapanda basi sasa. Salamu anaitikia, chakula anakula, ahsante anatoa. Kama mpangaji! Afadhali angenigombeza.
Gari limewaka kimya, kiyoyozi kimezimwa, kama nilivyotaka. Sijafika njia panda lile joto likanipanda — hili la umri, sijamwambia mtu. Nikakifungua, lakini mpaka ubaridi uje mgongo umeshalowa. Nimefika dukani poda imechuruzika.

Jumapili, 9 Februari
Wifi kaja kututembelea. Nikamsimulia, nikidhani atacheka. Hakucheka. Kumbe kaka yake alimwambia zamani: wifi yako asubuhi anatokwa na jasho, anajifuta kwa kujificha, nami naona haya kumuuliza. Kwa hiyo njiani anaendesha bila kiyoyozi, maana mifupa inamuuma. Akifika getini anakiwasha, anaiweka swichi kwenye baridi kali, ndipo anazima gari. Nikiwasha tu, nipate ubaridi.
Nilitamani ardhi inimeze. Majuto ni mjukuu, wanasema. Basi mimi nimeshakuwa bibi. Nimejuta, nimejuta! Alipoamka kwenda kazini nilitaka kusema. Nikasema, chukua mwavuli.

Jumatatu, 10 Februari
Niko nje ya ghala, naandikia gotini. Zamu inakaribia kutoka. Nimehamia kiti cha abiria, injini inaunguruma, ufunguo wake umo. Swichi nimeigeuza upande wa joto, mpaka mwisho. Tangu nilinunue gari hili sijawahi kuigusa huko! Natokota. Jasho mpaka kwenye nyusi. Sizimi.
Wanatoka. Yule pale, sweta mpaka shingoni. Ameliona gari. Amesimama. Na basi nalo linaingia kituoni — jamani, si lingechelewa leo! Kioo kimejaa ukungu, nafuta kwa kiganja, sioni vizuri amegeukia wa—