Tazameni Mpira

Mwaka umetimia, mama, tangu ututoke, na mimi mwanao wa kwanza bado sijakaa chini. Nikikaa nainuka. Nikiinuka nakwenda sebuleni, nasimama mbele ya ile picha ya fainali, naiweka sawa kwenye msumari wake ingawa haijapinda, kisha narudi nilikotoka. Baba ananiambia, "Hebu tulia mwanangu, unanitia kizunguzungu." Nimemwahidi nitatulia nikimaliza kuandika haya.

Nianze na yale yasiyo na ubishi. Ulikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, mwepesi wa hasira, na mwepesi zaidi wa kusamehe. Mashabiki wa tenisi walikuita Kiberiti. Ulitwaa ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo, mimi na mdogo wangu tukiwa hatujazaliwa. Ulipoacha kucheza ulihamia kile chumba kidogo nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo pale klabuni, ukawa fundi wa kufunga nyuzi za raketi kwa miaka thelathini na mmoja. Chumba kilikuwa na dirisha moja, mashine ya kuvutia nyuzi, koleo mbili, na kigoda kilichokuwa kikiyumba hadi tukakizoea. Ukimaliza raketi ulizigonga nyuzi kwa kucha, ukatega sikio, ukasema, "Bado," ukazikata zote ukaanza upya. Mwenye raketi akilalamika kwamba unamchelewesha, ulimwambia akacheze na ufagio.

Ulikuwa mashoto wa kupindukia. Mkasi wako hakuna mwingine aliyeuweza, na mpaka leo mdogo wangu akijaribu kukatia karatasi, unaitafuna tu. Seremala ulimsimamia hadi akageuza mlango wa kabati la vyombo ufunguke upande wako, sisi wengine tukabaki kujigonga nao. Mezani ulikaa pembeni ili kiwiko chako kisimsumbue mtu, na bado kilimpata baba kila siku. "Watu wameoa wake, mimi nimeoa kiwiko," baba alikuwa akisema huku akijisugua mbavu. Sasa anakaa kiti kile kile, na hakuna wa kumgonga.

Halafu kuna hiyo picha. Uliikata gazetini, ukaipeleka ikakuzwe, ukaitia fremu ya mbao. Mwanamke mwenye gauni jeupe fupi, kofia imemshukia machoni, amejinyoosha mwili mzima na raketi yake, na mpira uko hewani, shubiri moja tu kutoka kwenye ncha ya raketi. Nyuma yake kuna ubao wa matokeo. Maelezo ya chini yalikwenda na mkasi. Baba hakuwahi kukuona ukicheza. Alikutana nawe ukiwa tayari fundi. Lakini kila mgeni aliyeingia alimwonyesha picha na kumwambia, "Mimi niliipenda hii kabla sijampenda mwenyewe." Wageni wakisifu jinsi ulivyopendeza, jibu lako lilikuwa moja siku zote: "Hiyo ndiyo fainali yangu ya kwanza. Tazameni mpira." Tulidhani ni mazoea tu, maana na watoto uliowafundisha Jumamosi uliwapigia kelele hiyo hiyo, "Tazameni mpira!", hadi sauti ikakauka.

Ulipofariki tuliiweka picha hiyo kwenye tangazo la kifo gazetini. Aliyeipeleka ni mimi.

Mazishini walikuja watu wengi, mama, ungefurahi. Ila wote walikuja kumzika fundi. "Mama wa nyuzi katuacha," walisema, na walilia kweli, siwasingizii. Neno bingwa halikutoka kinywani mwa yeyote. Mzee mmoja aliyejitambulisha kuwa shabiki wa tenisi tangu enzi hizo alinishika mkono akaniambia anakukumbuka kama jana, "yule mrefu, aliyekuwa akiangua kilio kila akishindwa." Si wewe hata kidogo. Nilimshukuru huku nimeuma meno.

Tangu siku hiyo nikawa sipumziki. Kazini kwangu, kwenye chumba cha kupimia macho, mteja aliyekuwa ameziba jicho moja alinieleza kwamba bingwa wa sasa ndiye mwanamke wa kwanza kabisa kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo.

"Nani kakwambia?"

"Aa, hilo kila mtu analijua."

Nilimwambia asome ule mstari wa chini kabisa, wa herufi ndogo kama chawa, nikamwacha ahangaike nao.

Nikaanza kumwandama katibu wa klabu. Pale kwenye lango la ndani kuna ukuta wa picha za mabingwa, na wa zamani kuliko wote hajafikisha hata miaka kumi tangu atwae ubingwa. Katibu alinieleza kwamba picha za nyuma zililowa paa lilipovuja, zikatupwa. Nilikwenda Jumatatu, nikarudi Alhamisi, nikarudi tena Jumatatu. Ikafika mahali akiona kivuli changu mlangoni anajifanya yuko kwenye simu, na siku moja simu hiyo ikaita sikioni mwake. Mwezi wa nane akasalimu amri. "Haya dada, umeshinda. Lete picha ya mama, tutaitundika siku atakayotimiza mwaka."

Najua ungeniambia niache. Uliwahi kuniambia, siku ile tulipokwenda kutazama fainali na mlinzi akakuinua kwenye kiti cha mbele, eti ni cha wageni wa heshima. Mimi nilitaka ugomvi. Wewe ulichukua mkoba wako, ukapanda ngazi hadi safu ya mwisho, ukaketi ukihema.

"Waache, mwanangu. Unamjua Ukuta?"

Nilikujibu kwamba nalijua jina tu. Ndiye uliyempokonya ubingwa. Walimwita Ukuta kwa sababu mpira wowote uliompelekea ulirudi.

"Alikuwa bingwa miaka mitano," ukasema. "Nilipomshinda, kesho yake hakuna aliyeuliza amekwenda wapi. Hata mimi sikuuliza."

Ukaukumbatia mkoba hadi mchezo ulipokwisha. Mimi nikadhani umechoka na ngazi.

Mwezi wa tisa, tukiwa sebuleni mimi, baba na mdogo wangu, mlango wetu ulibishwa. Alikuwa mama mrefu, anatembelea mkongojo, na kwapani ana gazeti limekunjwa mara nne. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Nimekuja kulalamika," alisema. "Mmeniua."

"Karibu kwanza, mama," baba alimwambia. "Nani amekuua?"

Akalikunjua gazeti mezani. Lilikuwa lile lenye tangazo letu. "Binti yangu alinificha, nilikuwa mgonjwa akaogopa nitashtuka. Juzi ndiyo nimelikuta limetandikwa kwenye droo ya vijiko. Nimejisoma mwenyewe nimefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi."

"Huyo ni mama yetu," nikasema.

"Jina ni la mama yenu. Mwili ni wangu. Mimi ndiye Ukuta."

Baba alicheka kwa adabu, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Mimi sikucheka. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, na nilikuwa natafuta maneno ya kumtoa nje bila kumvunjia heshima, aliponigeukia.

"Binti yangu, Kiberiti alikuwa akitumia mkono gani?"

Sote wanne tukaigeukia picha. Raketi ilikuwa mkono wa kulia. Imekuwa mkono wa kulia maisha yangu yote.

Baba alijaribu kukuokoa. "Itakuwa iligeuzwa. Mitambo ya magazeti ya zamani, unajua tena…"

"Basi shemeji, nisomee huo ubao wa matokeo."

Baba alisogea karibu, akasoma. Herufi zilikuwa zimekaa sawasawa. Jina lako lilikuwa juu, la Ukuta chini yake. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Sasa mke wangu yuko wapi?"

"Upande wa pili wa wavu. Wapiga picha wote walikaa nyuma yake, kwa sababu waliyemfuata ni mimi, ndiye bingwa. Yeye nani alikuwa anamjua? Na huo mpira mnaouona ndio wa mwisho siku ile. Ni wake. Sikuugusa."

Baba aliendelea kuikodolea macho. "Miaka yote hii nawaambia watu niliipenda picha kabla sijampenda mwenyewe."

"Basi ulinipenda mimi, shemeji. Umechelewa kusema."

Tulicheka, mama. Mdogo wangu alicheka hadi akajishikilia ukutani, na baba ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi alifuta machozi kwa kola. Halafu mimi cheko langu likageuka kilio, na sikuweza kulirudisha.

Maana niliwatukana mashabiki mwaka mzima. Nilimwona mlinzi yule hana macho, katibu hana kumbukumbu, mzee wa mazishini mwongo. Na mimi je? Mkono wa kushoto ndio ulionilisha, ulionisuka nywele, ulionizaba kibao nilipovunja mashine yako. Kazi yangu ni kuwaambia watu wanachoshindwa kuona. Nimepita mbele ya picha hiyo mara ngapi nikiipangusa vumbi, na sikuwahi kukutafuta ndani yake. Niliona gauni jeupe, nikatosheka. Nakuomba msamaha, mama, na nakuomba hapa hapa wanaposoma watu, kwa sababu hapa hapa gazetini ndipo nilipokukosea.

Ukuta aliomba aishike picha. Baba akaitungua, akampakatisha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Nilidhani siku ile watu wote walinisahau," alisema. "Kumbe huyu alinipa sebule yake."

Ulikuwa unamwuliza amekwenda wapi, sivyo? Kila asubuhi ukifungua madirisha mbele ya picha hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba unajuta. Laiti ningekuuliza.

Usinione jasiri kwa yaliyofuata. Picha ilikuwa bado haijapelekwa klabuni, na katibu asingejua kamwe. Nani angehesabu mikono? Mdogo wangu alinishauri ninyamaze hadi itundikwe, tuseme baadaye. Nilivaa viatu, nikavivua, nikavivaa tena. Nilichokitaka mwaka mzima ni jina lako kwenye ukuta ule, na sasa lingekaa chini ya mwili wa mtu mwingine, na mimi ningekuwa najua. Siku ya tatu nilimpitia Ukuta, tukaenda pamoja.

Katibu alisikiliza yote. "Kwa hiyo bingwa hayumo kwenye picha?"

"Mpira wake umo," nikasema.

"Dada yangu, hapa tunatundika mabingwa. Mipira tunayo stoo."

"Mimi nimo, na nilikuwa bingwa miaka mitano," Ukuta akamwambia. Katibu alimwuliza jina lake, akaliandika pembeni mwa bahasha, akasema ataangalia kwenye majalada. Hajatupigia hadi leo. Nimempigia mara sita.

Tumetafuta picha nyingine, mama. Tumepekua masanduku, tumekwenda hadi chumba cha magazeti ya zamani, tumepiga chafya siku mbili. Ipo ya kitambulisho, ipo ya harusi ambayo kiwiko chako kimeziba tai ya baba, na ipo moja umeinamia mashine ya nyuzi, unaonekana kisogo. Ukicheza, hakuna. Miaka mitatu ya ubingwa, na aliyekuona ukicheza, aliye hai na tunayemjua, ni mmoja tu. Anakuja kila Jumapili. Anatuonyesha kwa mkongojo jinsi ulivyokuwa ukirusha mpira juu kabla ya kuupiga, na baba husogeza meza ili apate nafasi.

Kwa hiyo juu ya maneno haya tumeweka picha ile ile. Msichana wa dawati la matangazo alinipigia simu ili ahakikishe, maana Ukuta alikuwa ameshawaandikia kwamba hajafa.

"Dada, huyu pichani ndiye marehemu?"

"Hapana. Huyo ni mzima, anaishi kwa binti yake, na ametupa ruhusa."

"Sasa marehemu yuko wapi?"

"Upande wa pili wa wavu," nikamwambia. "Ndiye aliyeupiga huo mpira."

Nikasikia anasogeza karatasi. Kisha akasema, "Ee, nimeuona."

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado anakaa kiti kile kile. Na wanao wawili, mpima macho na mdogo wake. Na wajukuu wako watatu, ambao mmoja wao ameanza kuuweza mkasi wako. Na Ukuta, uliyemshinda.

Hatutakusahau tena, mama. Nanyi mnaosoma, tazameni mpira.