Wimbo wa Mlango Uliimbwa, Mwalimu

Mwalimu wangu Baluku,

Nimeolewa. Sijawaandikia hata shangazi zangu shukrani, nimeanza na wewe, na kila nikiandika neno hilo mkono unacheka wenyewe. Nimeolewa na Wafula. Ndiyo, yule yule Mkenya wa kiwanda cha saruji uliyemwambia siku ya kwanza, "Vidole hii ni ya kubeba magunia, lakini tutaibembeleza." Ulivibembeleza vizuri, Mwalimu. Asubuhi ya leo vimenimenyea ndizi, vikanimiminia chai, nami nikavitazama mpaka chai ikapoa.

Na chanzo ni wewe. Kinanda kilikuwa kimoja na umeme wa mji wetu wa Bwera una tabia zake, kwa hiyo kila mwanafunzi ulimpa ubao wa kwenda kufanyia mazoezi nyumbani, umeuchora vibonye vyeupe na vyeusi kwa rangi iliyobaki ulipopaka mlango. Ubao hauna sauti, basi sheria yako ilikuwa moja: kidole kikigusa, mdomo uimbe. "Kidole iko bubu, mudomo haiko bubu." Ulimwambia hivyo Mbambu, ambaye miguu yake bado haifiki sakafuni akikaa kitini, na ulimwambia hivyo hivyo Mama Kabugho wa maharagwe, aliyekuja kujifunza akiwa tayari ana wajukuu. Halafu mimi, msaidizi wako, ukaniketisha na Wafula kwenye ubao mmoja. Yeye mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Mwanamume ana vumbi la saruji kwenye nyusi, bega lake limegusa langu, ananiimbia do na so kwa sauti iliyopinda kama njia ya Nyakalengija ipandayo mlimani, na haruhusiwi kunyamaza. Ningejiokoaje? Na wewe pale dirishani, ukijifanya unafuta miwani.

Mahari ungeifurahia. Wafula alisema kwao wanatoa ng'ombe. Baba akamjibu, "Hapa kwa milima ng'ombe itateleza, mkwe. Leta mbuzi." Akaleta mbuzi, mmoja akala kofia ya baba mdogo, na ndoa ikakubaliwa kwa vicheko.

Lakini kuna jambo moja lililoninyima raha. Uliniahidi kwamba siku nitakayoingia kanisani kama bibi harusi, utanipigia wewe mwenyewe ule wimbo uliotunga, uliouita tu wimbo wa mlango. Kisha mvua zikaja, kifua kikakubana, tukakuzika nyuma ya nyumba yako, pale kahawa inapoanza. Wimbo wako tulibaki kuujua watu wawili, mimi na wewe, marehemu. Na mimi siwezi kuwa mlangoni na kwenye kinanda kwa wakati mmoja. Kijana wa spika alisema ana nyimbo nyingi za maharusi kwenye simu. Nilimwambia afadhali niingie kimya kimya.

Mama Kabugho ndiye aliyekataa. Alikuja na ubao wake kichwani, juu ya kapu la maharagwe, akasema, "Nifundishe. Mwalimu hakufa na mikono yetu." Basi nikawafundisha. Yeye mkono wa kushoto, Mbambu wa kulia, na wanafunzi wako wengine wakatamani, wakajifunza pia, kila mmoja kwenye ubao wake. Bwera nzima ilikuwa ikiimba wimbo wa mlango huku ikipika.

Siku ikafika. Gauni langu lilikuwa jeupe, Mwalimu, jeupe kama theluji ya kule juu milimani mawingu yakifunguka. Baba akanishika mkono. Mama Kabugho akaanza, Mbambu akaingia juu yake vizuri kabisa, nikakanyaga kizingiti, na umeme ukakatika.

Kinanda kikafa. Nikajua nimekupoteza mara ya pili.

Kijana wa spika akanong'ona, "Mama, umeme imeenda."

Na Mama Kabugho, bila kuinua mikono, akamjibu kanisa zima likasikia, "Kwani kwa ubao iko umeme?"

Vidole vyake vilikuwa bado vinatembea. So, so, la. Kwake hakuna kilichobadilika, kinanda kilikuwa kimegeuka ubao tu. Sauti yake nzito ikatoka, ya Mbambu ikapanda juu yake kama kifaranga, kisha kwenye mabenchi huku na huku wanafunzi wako wakaanza kuimba, kila mtu noti zake, vidole vikigusa mapaja, migongo ya viti, vitabu vya nyimbo. Wageni wa Wafula walidhani ni desturi yetu sisi Wakonzo. Na Wafula mwenyewe pale mbele, ndani ya suti yake, akaimba na kukosea pale pale alipokuwa akikosea siku zote, kwenye fa. Hapo ndipo nilipolia. Nilitembea ndani ya wimbo wako mpaka mkononi mwake, na sikutamani kinanda tena.

Sasa naishi Kasese, kwenye nyumba ndogo ya wafanyakazi wa saruji. Sebule yetu imejaa wanafunzi: mke wa fundi, watoto wa jirani, mzee mmoja mlinzi anayetaka kujua zaburi moja tu. Jumamosi nashuka Bwera kwa ajili ya wale wako. Kinanda kilifufuka umeme uliporudi, lakini kila anayekuja anaanza na ubao. Wafula ndiye anayezichora mbao, na anachora vibaya, nami nampenda.

Shada langu la maharusi nimelilaza juu ya kaburi lako. Lala vizuri, Mwalimu. Nakuahidi hakuna mwanafunzi wa nyumba hii atakayegusa ubao huku amefunga mdomo, wala mtoto wangu, Mungu akinipa. Umekuwa kimya sasa, kimya kama ubao. Ulitufundisha la kufanya. Tutaimba.

Wako,
Biira, mke wa Wafula