Gia Niliyoitia Gundi

Evarista mjukuu wangu,

Maharage yako jikoni, yapashe. Kuku wasiingie ndani.

Nimeenda mjini kwa fundi Haruna, nimuulize kama gundi hutoka kwenye plastiki. Ile gia mpya ya gari lako la kuchezea, la vipande vya kuunganisha, niliiona inazunguka bure kwenye kijiti chake. Jembe likicheza kwenye mpini tunalikaza, basi nikaitia gundi. Asubuhi ukalia: "Bibi, imeundwa iteleze gari likikwama, mota isiungue!" ~~Ungeniambia mapema.~~ Sikukuuliza. Bado sielewi inakuwaje kitu kizima kilegezwe makusudi. Hata hivyo ulinifunikia chai kabla ya kwenda shule.

Maonyesho ya shule ni kesho, najua.

Karibu na usukani wake kuna kipande kingine kinacheza. Hicho sikukigusa.

Bibi yako